Steki: Iwe ya Haraka au ya Polepole, Si Katikati

Ukiomba nusu kilo ya steki kwenye bucha nyingi za Dar es Salaam, utapewa nyama isiyo na mfupa. Kama imetoka pajani, begani au mgongoni, muuzaji hasemi na mnunuzi haulizi. Nyumbani inakaangwa robo saa, inatoka ngumu, na lawama zote zinamwangukia mpishi. Mimi namtetea mpishi huyo. Mara nyingi kosa lilifanyika pale pale kwenye mizani.

Nyama ni nyuzinyuzi za misuli zilizoshikamanishwa na utando wenye kolajeni, ileile inayojenga kano. Motoni vitu hivi viwili havipatani. Nyuzi zikifika kama sentigredi 65 hujikunja na kukamua maji yake, na joto likizidi kupanda zinazidi kukauka. Kolajeni hulainika na kuwa ute, lakini inataka saa mbili au tatu za moto mdogo ndani ya mchuzi. Robo saa kikaangoni ndiyo mahali pabaya kuliko pote: maji yamekwisha kutoka, na kolajeni bado haijalegea. Misuli ya paja na bega, inayomtembeza ng'ombe kutwa malishoni, imejaa kolajeni. Sarara iko mgongoni na haifanyi kazi nzito, kwa hiyo inayo kidogo tu. Basi taja sarara kwa jina lake, ikatwe vipande vya unene wa sentimita mbili. Paja lipeleke kwenye sufuria lenye mfuniko, wala usilidharau, maana mchuzi wake ni mtamu kuliko wa sarara.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Ng'ombe aliyechinjwa usiku, asubuhi misuli yake imekakamaa. Ukiipokea nyama ingali na uvuguvugu na kuitia moja kwa moja kwenye friza, misuli hujikunja zaidi na haisahau. Iache kwanza ipoe mahali safi, kisha ikae sehemu ya chini ya friji, imefunikwa, kwa siku mbili. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe vitalegeza nyuzi bila wewe kufanya lolote. Ng'ombe wetu wa nundu wanahitaji subira hiyo kuliko wa Ulaya, kwa sababu kwao vimeng'enya hivyo hufanya kazi taratibu. Papai bichi lililosagwa husaidia pia, lakini lisizidi nusu saa. Likilala na nyama usiku kucha, nje inakuwa uji na ndani inabaki vilevile.

Kabla ya kukaanga, pangusa nyama mpaka ikauke. Sisitizo hili si la urembo. Maji huchemka kwenye sentigredi 100 na hayapandi zaidi, ilhali rangi ya kahawia na ile harufu ya kuita majirani huja nyama inapopita kama 140. Mabadiliko hayo yalielezwa na mkemia Mfaransa, Louis Camille Maillard, mwaka 1912. Nyama yenye maji juu itachemka ndani ya kikaango. Tumia kikaango kizito, kipashe mpaka tone la maji lirukeruke juu yake, na usipange vipande vikabanana. Kitunguu saumu kiingie mwishoni, maana kikiungua kinakuwa kichungu. Na lile dai kwamba moto mkali hufunga maji ndani ya nyama si kweli. Moto mkali unaleta ladha, basi.

Dakika tatu au nne kila upande zinatosha. Siwashauri wasomaji wangu kula steki mbichi katikati: nyama ya ng'ombe inaweza kuwa na vifuko vya tegu. Nunua yenye muhuri wa mkaguzi, ipike hadi katikati ipite sentigredi 63, kwa jicho, nyekundu ya damu iwe imekwisha. Iweke kwenye sahani dakika tano ndipo uikate, kwa kukingama nyuzi zake. Nyuzi fupi hutafunika kirahisi.

Samaki ni habari tofauti kabisa. Nguru aliyekatwa mapande, mfupa katikati, ndiye steki halisi ya pwani yetu. Nyuzi zake ni fupi, kolajeni yake ni kidogo na huyeyuka mapema, kwa hiyo hana cha kungoja motoni. Ninasikitika kila ninapoona jodari mzuri akikaangwa hadi awe mkavu. Kipande cha sentimita mbili kinataka kama dakika tatu kila upande. Chungulia karibu na mfupa: nyama ikiacha kung'aa kama kioo na ikibanduka kwa uma, epua.

Lakini upishi mzuri hauwezi kumponya jodari au nguru aliyekaa juani. Ndani ya nyama yake hutokea histamini, na histamini haiondoki kwa moto. Huleta uso mwekundu, kichwa kuuma na kutapika. Muulize mchuuzi samaki alilala kwenye barafu au la, na ukifika nyumbani aingie kwenye friji kabla hujavua viatu.

Ndimu nayo isilale na samaki saa nzima. Asidi yake hukaza na kufifisha nyama hata kabla ya moto, kisha kikaangoni inachambuka. Chumvi na pilipili manga vinamtosha nguru. Ndimu ikamuliwe mezani, samaki angali anatoa moshi.