Keja Iko Mita 40 Kutoka Mtoni? Usilale Fofofo Bado

Wasee wa Nairobi tunajuana. Januari jua linawaka, unatafuta keja, unaonyeshwa moja safi: choo ndani, rent poa, na nyuma ya ploti kuna kijito chembamba ambacho hata kuku anavuka bila kulowa magoti. Unalipa dipoziti. Aprili ikifika, kijito hicho kinakubishia mlango saa nane usiku.

Watu wa Mathare hawahitaji kuelezewa. Aprili 2024 mto ulipanda usiku, wengine wakaokolewa wakiwa juu ya mabati. Baadaye serikali ikaamuru kila mtu aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni ahame, na Mei tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Familia zilizopoteza nyumba ziliahidiwa shilingi 10,000. Tangu hapo kila mtu anaijua hiyo namba 30, na mawakala wa ploti wanaiimba: "Hii iko mita 40, hauna stress."

Stress iko. Hiyo mita 30 si mpaka wa mafuriko na haijawahi kuwa.

Kanuni za maji za 2007 zilisema ardhi ya kando ya mto ni angalau mita 6 kila upande, au sawa na upana wa mto wenyewe, lakini isizidi mita 30. Zile za mipango ya ardhi za 1998 zilitaja mita 10. Hapo ndipo vurugu za kila mwaka za nani abomolewe na nani aachwe hupata chakula. Lakini zote zinapima kwa futi kamba kutoka kwa ukingo. Kazi yake ni kulinda ukingo usibomoke na miti isikatwe. Kijito cha upana wa mita 3 kinapewa mita 6 zake, basi, hata kama bonde lake lote hujaa maji mvua ikizidi.

Maji hayabebi futi kamba. Yanafuata mwinuko wa ardhi. Mathare ni bonde, kwa hivyo mto ukijaa unapanda juu haraka kama maji kwa sufuria. South C ni tambarare na udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi usiomeza maji haraka, kwa hivyo huko maji hutandaa hadi kwa watu ambao hata mto hawauoni.

Ramani ya mafuriko ndiyo inaonyesha hiyo tofauti. Wataalamu wanapima mwinuko wa ardhi, wanachukua rekodi za mvua za miaka mingi, wanapima upana wa mto na kila daraja na kalvati (kalvati ndogo iliyozibwa na taka inageuka dam), halafu kompyuta inaonyesha maji yatafika wapi. Satelaiti za rada pia husaidia kwa sababu zinaona maji hata mawingu yakiwa yamefunika. Mwisho wanashuka mtaani kuuliza: 2024 yalifika wapi? Alama ya tope kwa ukuta inasahihisha kompyuta, na mathee anayeuza mandazi hapo tangu zamani anajua mengi kuliko drone.

Utasikia wakisema "mafuriko ya miaka 100". Usidanganyike eti yakija leo umepumzika hadi wajukuu. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1. Ukijenga hapo ukae miaka 30, uwezekano wa kukupata angalau mara moja unafika karibu asilimia 26. Hiyo ni kama mmoja kati ya wanne. Hakuna mse wa kubeti angeidharau hiyo.

Halafu ramani yenyewe inazeeka. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Kila shamba linaloezekwa mabati au kupigwa kabro huko juu linanyima maji pa kuzama, kwa hivyo mvua ileile inafika kwa mto mara moja badala ya polepole. Aliye juu anajenga, aliye chini anafurika, na anayebomolewa ni wa chini. Si kila mara, tuseme ukweli: Agosti 2018 Ukay Centre kule Westlands na South End Mall ya Lang'ata Road ziliangushwa kwa kukalia ardhi ya mto. Lakini Ukay ilikuwa imefanya biashara miaka mingi kabla. Ramani ingekuwa mezani siku ya kupitisha michoro, hata hiyo tingatinga haingehitajika. Ardhi ya hapo ingebaki kiwanja cha mpira au shamba la sukuma, vitu ambavyo vikilowa vinakauka. Na wale wa kumwaga malori ya mchanga kuinua ploti yao, maji hayo hayapotei, wanamtumia jirani.

Kwa sasa, kabla hujatuma dipoziti, usimuulize wakala. Vuka barabara uulize wa kiosk. Kisha angalia kuta za chini, na ukiona soketi za ground floor pekee zimepandishwa hadi usawa wa kifua, muulize mwenye ploti alizipandisha mwaka gani.