Lady Pink na Mabehewa ya New York

Sogeeni karibu, na wewe uliye nyuma weka simu chini kidogo. Leo sina sungura wala fisi. Nina msichana mmoja, treni nyingi, na ukuta uliofika mahakamani.

Msichana huyo alizaliwa mwaka 1964 huko Ambato, mji wa milimani nchini Ecuador, Amerika ya Kusini. Jina lake ni Sandra Fabara. Alipokuwa na miaka saba mama yake alihamia naye New York, Marekani, na akakulia Astoria, eneo la Queens ambalo limejaa watu waliotoka kwingine.

New York ya wakati ule msiifikirie kama ile ya kwenye sinema za siku hizi. Mwaka 1975 jiji lilikaribia kufilisika. Kule Bronx majengo yaliungua na kuachwa magofu. Treni za jiji, ambazo sehemu nyingine hupita chini ya ardhi na nyingine hupita juu ya nguzo katikati ya nyumba za watu, zilichakaa, na karibu kila behewa lilikuwa limeandikwa majina, nje na ndani.

Majina hayo yalienea hivi. Kijana mmoja mwenye asili ya Kigiriki, aliyeishi mtaa wa 183, alikuwa na kazi ya kupeleka vifurushi. Kila alikopita aliacha alama yake: TAKI 183. Julai 1971 gazeti la New York Times likamwandika, na watoto wa jiji zima wakaelewa jambo kubwa: kumbe mtu asiyejulikana hata na jirani yake anaweza kusomwa na mamilioni. Basi kila mmoja akatafuta kalamu ya wino mzito. Baada ya kalamu wakaja na makopo ya rangi ya kupuliza. Saini ndogo zikageuka herufi kubwa zilizovimba, herufi zikapata vivuli na mishale na moto, na mwishoni wakafikia kuchora behewa zima, juu mpaka chini, madirisha yakiwemo. Lakini wenyewe waliendelea kujiita waandishi.

Sandra aliingia humo mwaka 1979, akiwa na miaka 15. Mpenzi wake alikuwa amekamatwa na polisi, kisha akapelekwa Puerto Rico kuishi na jamaa zake. Wengine hulia, wengine hukataa kula. Yeye alizunguka akiandika jina la yule kijana kwenye kuta za jiji. Baadaye huzuni ikapoa lakini kopo la rangi likabaki mkononi. Alikuwa ameingia shule ya sekondari ya sanaa na usanifu kule Manhattan, na humo darasani walikaa baadhi ya waandishi waliokuwa wakitamba kwenye treni. Hata jina lilitoka kwa wenzake: mwandishi mmoja wa kundi la TC5, aliyejiita Seen, alimpa Pink, rangi ya waridi, ili kila asomaye ajue huyu ni binti. “Lady” akajiongezea mwenyewe, kwa sababu alipenda riwaya za zamani za mabibi wa kifahari wa Uingereza.

Wavulana hawakuamini. Walidai kuna mwanamume anayemchorea. Dawa ya maneno hayo ilikuwa moja tu: aende mwenyewe karakana ya treni usiku, waone.

Na karakana si mahali pa mchezo. Treni zimepangwa sambamba, katikati yake upenyo wa kupita mtu mmoja. Pembeni ya reli mbili za kawaida kuna reli ya tatu yenye umeme wa volti zaidi ya 600, na ukiigusa hakuna wa kukuhadithia yaliyofuata. Kuna walinzi na polisi. Kuna pia makundi ya vijana wengine, ambao kwa msichana usiku wa manane walikuwa hatari kuliko hao polisi. Pink alivaa kivulana, nguo pana, nywele amezificha.

Sasa tazameni kazi yenyewe. Mchoro ulikuwa umeshatengenezwa nyumbani kwenye daftari, rangi zote zimechaguliwa, maana gizani nyekundu na kahawia ni ndugu. Wakati wa baridi kopo hufichwa ndani ya koti lipate joto, la sivyo rangi hutoka kwa kukohoa. Kwanza unapuliza mstari hafifu wa kuonyesha herufi zinakaa wapi. Kisha unajaza rangi, ukianza na zile nyepesi. Kisha vivuli. Halafu mstari wa mwisho, ule mweusi au wa bluu iliyokolea, na huo ndio unaomtambulisha fundi, kwa kuwa mkono ukitetemeka kila mtu ataona asubuhi. Kichwa cha kopo nacho kina siri yake. Kile kinachokuja na kopo hutoa mstari mwembamba, kwa hiyo vijana walichomoa vichwa vya makopo ya dawa za kusafishia majiko, wakavipachika kwenye rangi, wapate mpulizo mnene wa kujaza haraka. Ukisogea karibu na bati mstari unakaza. Ukirudi nyuma unatawanyika kama vumbi. Behewa la njia zile za zamani lilikuwa na urefu wa mita 15 na ushei, nawe huna nafasi ya kurudi nyuma ulitazame lote. Unachora kitu kikubwa kuliko chumba chako huku pua ikikaribia kukigusa.

Asubuhi mchoraji alisimama kituoni kusubiri treni yake ipite. Huenda ikapita, huenda imeshaoshwa. Kwa hiyo picha za kamera zilikuwa na thamani kubwa. Wapiga picha wawili, Martha Cooper na Henry Chalfant, walizifuatilia treni hizo kwa miaka, na mwaka 1984 wakatoa kitabu kiitwacho Subway Art. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua leo imebaki humo, kwa sababu mabati yenyewe yalisafishwa.

Nisiwafiche upande wa pili. Rangi nyingi ziliibwa madukani. Wapo vijana waliogongwa na treni. Na abiria aliyetoka kazini usiku, amechoka, anachungulia dirishani ajue kama amefika kituo chake, akakuta dirisha zima limepakwa rangi, huyo hakuwa na hamu ya kusikia habari za sanaa. Mimi namwelewa. Mtoto wa Nairobi aliyezoea nganya, yaani matatu zilizochorwa ubavu mzima, akumbuke kwamba gari hilo mwenye nalo amelilipia lichorwe. Treni ya New York hakuna aliyeulizwa.

Jiji lilijibu. Likaweka uzio wenye nyembe, mbwa, na mitambo ya kuoshea treni kwa kemikali. Baadhi ya mabehewa yakapakwa rangi nyekundu iliyokolea ambayo ni rahisi kusafisha. Tarehe 12 Mei 1989 wakubwa wa usafiri wakatangaza kwamba treni ya mwisho yenye michoro imeondolewa njiani. Yale mabehewa mekundu nayo yalizeeka, na kuanzia mwaka 2001 zaidi ya 1,000 yalisukumwa baharini, pwani ya Delaware na majimbo mengine, yawe makazi ya samaki.

Pink alikuwa ameshaacha treni tangu 1985. Wapo waliobaki wakisubiri siku za zamani zirudi. Yeye alikuwa ameanza mapema kutoka kwenye treni kuingia kumbi za sanaa. Mwaka 1980 kazi yake ilioneshwa Fashion Moda, ukumbi mdogo wa sanaa Bronx. Kisha mtengeneza filamu Charlie Ahearn akamwita kuigiza katika Wild Style, filamu iliyotoka 1983 na kupeleka hip hop ya New York mpaka nchi ambazo hazijawahi kuona treni ya jiji. Mwaka 1984 alifanya maonesho yake peke yake katika chuo cha sanaa cha Moore, Philadelphia. Leo kazi zake zimo katika hifadhi za Metropolitan na Whitney, majumba ya makumbusho ambayo siku zile yasingemruhusu afike karibu na kuta zake akiwa na kopo.

Lakini matajiri wanaonunua sanaa hubadilika haraka. Miaka michache tu baadaye wengi walishahamia mtindo mwingine, na waandishi wengi wakabaki na turubai zisizo na mnunuzi. Pink na mume wake Smith, naye mwandishi wa treni, wakafungua biashara ya kuchora kuta kwa mikataba. Hapo ndipo kazi ilipokuwa kazi: kupima ukuta, kukwangua rangi iliyobanduka, kupaka rangi ya msingi, kugawa mchoro kwa miraba ili unachokiona kwenye karatasi kikae sawasawa kwenye orofa tatu, kupanda jukwaa juani, na kungoja malipo. Mteja anataka maua, unachora maua. Katika picha zake mwenyewe alichora anachotaka: wanawake waliojengwa kwa matofali, miji yenye sura za watu, mimea inayomeza majengo.

Tumefika kwenye ukuta niliowaahidi. Long Island City, Queens, kulikuwa na kiwanda cha zamani kando ya njia ya treni namba 7. Mwenye jengo aliruhusu wasanii wachore, na kuanzia 2002 msanii Jonathan Cohen ndiye aliyepanga nani achore wapi. Mahali hapo pakaitwa 5Pointz. Wachoraji walitoka pande zote za dunia, na abiria wa namba 7 walipita wakitazama. Pink alikuwa na mchoro wake hapo.

Mwenye jengo akaamua kubomoa ajenge nyumba za kupanga. Wasanii wakaenda mahakamani kuomba azuiwe, wakashindwa. Mwenye jengo angengoja kidogo tu, hadithi ingeishia hapo. Lakini usiku mmoja wa Novemba 2013, bila kuwaarifu, aliwaleta watu na rangi nyeupe. Kulipokucha karibu kuta zote zilikuwa zimepakwa.

Wasanii 21, Sandra Fabara akiwa mmoja wao, wakarudi mahakamani. Walitumia sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ambayo inalinda kazi ya sanaa yenye hadhi hata kama ukuta si wa msanii: mwenye jengo anayetaka kuiondoa hupaswa kutoa taarifa, na msanii apewe siku 90 za kuja kuinusuru ikiwa inawezekana. Februari 2018 Jaji Frederic Block akahesabu michoro 45 iliyostahili, dola 150,000 kila mmoja, jumla dola milioni 6.75. Akasema wazi kwamba kiburi cha mwenye jengo ndicho kilichomponza. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye.

Mtu yeyote mwenye akili ataniuliza: je, na yale mabehewa Pink aliyochora akiwa na miaka 16, jaji angeyalipia? Hata senti. Mwaka 1997 mahakama ya huko huko New York ilishaamua kwamba mchoro uliowekwa kwenye mali ya mtu bila ruhusa hauna ulinzi huo. Nao wenye majengo wamejifunza. Sheria ile inamruhusu msanii kuachia haki zake kwa maandishi, kwa hiyo sasa wengi huweka kipengele hicho katika mkataba, na mchoraji hutakiwa kukitia saini kabla hajafungua kopo la kwanza. Wapo wanaotia saini kwa sababu kodi ya nyumba imefika. Wapo wanaokunja ngazi zao na kutafuta ukuta mwingine.