Harufu ya Uvundo Garini Hutokana na Maji Yaliyokosa Njia

Mwezi Machi jijini Dar es Salaam, gari lililowashwa kiyoyozi halimalizi foleni bila kudondosha maji. Hutoka chini ya gari, upande wa abiria wa mbele, yakiwa meupe, hayana harufu wala utelezi. Wapo madereva wanaoyaona wakashtuka, wakadhani rejeta imetoboka, na wengine wameshalipia matengenezo ambayo gari halikuyahitaji. Maji hayo ni dalili ya uzima. Gari la kutiliwa shaka ni lile linalopuliza baridi kali katikati ya joto la pwani, ukiinama kutazama chini yake unakuta pakavu. Maji yametengenezwa, ila hayakutoka. Yamo ndani.

Kiyoyozi tumezoea kukiita mashine ya baridi, lakini asili yake ni mashine ya kuondoa unyevu. Mwaka 1902 mhandisi Mmarekani Willis Carrier alichora mtambo wake wa kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York. Shida ya wachapaji ilikuwa karatasi: hewa ikiwa na unyevu mwingi ilitanuka, hewa ikikauka ilinywea, na rangi moja ikawa haikai sawasawa juu ya nyenzake. Carrier alitakiwa kuutawala unyevu wa hewa ile, na njia aliyoichagua ni kuipoza mpaka iachie maji yake. Magari yalifuata baadaye sana. Packard ya Marekani ilikuwa ya kwanza kuuza magari yenye kiyoyozi kilichofungwa kiwandani, katika matoleo ya mwaka 1940, na mtambo wenyewe ulichukua nafasi kubwa ya buti. Leo umefichwa nyuma ya dashibodi, na bado unafanya kazi ileile ya kukamua maji kutoka hewani.

Kinachokamua ni evaporeta, ambayo mafundi wengi huiita kuling koili. Kwenye magari yetu yenye usukani kulia, aghalabu hukaa nyuma ya droo ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Ni mirija ya alumini iliyozungukwa na mabamba membamba yaliyopangwa karibukaribu. Ndani ya mirija inapita gesi, ambayo kwa magari mengi ya mitumba yanayotoka Japani ni R134a. Katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ndani ya mfumo mgandamizo hudhibitiwa ili evaporeta ibaki juu kidogo ya sifuri, kwa sababu ikishuka chini ya hapo maji yataganda katikati ya mabamba na hewa itakosa pa kupita. Feni husukuma hewa yenye joto juu ya mabamba hayo, na hewa hutoka upande wa pili ikiwa baridi na imepungukiwa maji.

Imepungukiwa kiasi gani? Chukua mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70. Kila mita moja ya ujazo ya hewa hiyo imebeba karibu gramu 24 za mvuke. Haihitaji kupozwa sana ili ianze kuachia maji; ikishuka hadi nyuzi 26 tu imeshafika kiwango cha umande, yaani joto ambalo chini yake hewa haiwezi tena kuubeba mvuke wake wote. Ikitoka kwenye evaporeta ikiwa na nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 au 10. Gramu 14 zimebaki kwenye alumini. Feni ikivuta mita za ujazo 150 za hewa ya nje kwa saa, hesabu inafika lita 2 za maji. Mtu anayetoka Mbagala kwenda Tegeta jioni, saa za foleni, dashibodi yake yaweza kuzalisha maji ya kujaza chupa kubwa ya dukani na ziada.

Gari hilohilo likipanda Dodoma mwezi Agosti, hewa ikiwa kavu, litadondosha matone machache tu, na hakuna kilichoharibika. Kabla ya kuamua kwamba kiyoyozi kina kasoro, mtu aangalie kwanza yuko wapi na ni msimu gani.

Chini ya evaporeta kuna sinia ya plastiki yenye mteremko. Mahali pake pa chini kabisa pana tundu, na kwenye tundu hilo umechomekwa mpira mfupi unaopenya ukuta wa chuma uliotenganisha injini na chumba cha abiria. Hiyo ndiyo njia pekee ya maji yote niliyoyataja. Mpira huo hauna pampu wala vali ya umeme. Maji hutoka kwa uzito wake mwenyewe, na kwa hiyo uchafu kidogo tu unatosha kuyazuia.

Uchafu wenyewe tunauingiza kwa namna tunavyoegesha. Hewa ya nje huingilia kwenye matundu ya plastiki yaliyo mbele ya kioo, chini ya waipa. Gari likilala chini ya mwarobaini, vijani vyake vidogo na maua yake huangukia hapo. Mvinje hudondosha vijiti vyembamba vinavyopenya mahali ambapo jani la mwembe halipiti. Gari lisilo na filta ya kabini, au lenye filta iliyotoboka, linavipeleka vyote moja kwa moja kwenye evaporeta. Huko vinakutana na vumbi la barabara, vinalowa, vinageuka tope na kushuka hadi kwenye tundu. Kwa nje nako, wapo nyigu wanaojenga kwa udongo ambao hupenda sana vitundu vya namna hiyo, na gari lililokaa wiki kadhaa bila kutembea linaweza kuzibwa nao. Nalaumu pia rangi nzito nyeusi inayopuliziwa chini ya gari kuzuia kutu: mpulizaji asiyeziba mdomo wa mpira kwanza anaweza kuugandisha.

Sinia ikijaa, dalili ya kwanza mara nyingi ni sauti. Ukikata kona au ukifunga breki unasikia maji yakisogea ndani ya dashibodi. Kisha zulia la upande wa abiria linalowa. Hapo wengi hukosea kwa kukausha sehemu ya juu na kurudishia kapeti za mpira. Chini ya zulia kuna sponji nene inayoshika maji kwa siku nyingi hata kama juu pamekauka, na katika magari mengi nyaya hupita papo hapo, mara nyingine pamoja na vifaa vya umeme. Zulia lazima linyanyuliwe, ikibidi kiti kifunguliwe, sponji ipate jua na upepo mpaka ikauke kabisa.

Yaguse maji hayo kabla ya kutoa hukumu. Yakiwa meupe na hayana harufu, na yanaongezeka ukitumia kiyoyozi, chanzo ni mpira ulioziba. Yakiwa na rangi ya kijani, nyekundu au waridi, yanateleza na yana harufu tamutamu, hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini, inayovuja kutoka rejeta ndogo ya hita, na kioo cha mbele pengine kinaota utando wa mafuta kwa ndani. Hilo halisubiri mwisho wa mwezi. Yakionekana baada ya mvua tu, angalia raba za milango na gundi ya kioo.

Sasa, gari linaweza kutoa maji yake yote vizuri na bado likanuka. Evaporeta haikauki mara tu unapozima injini. Maji hubaki yamenasa katikati ya mabamba, gizani, kwenye joto linalopanda gari likiwa limeegeshwa juani, pamoja na vumbi na chavua ambavyo ni chakula tosha. Bakteria na kuvu hujenga utando juu ya alumini, na utando huo ndio unaonuka kama nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Harufu huwa kali zaidi katika sekunde za kwanza baada ya kuwasha, au pale kompresa, yaani pampu ya gesi ya kiyoyozi, inapokata huku feni ikiendelea, kwa sababu hapo evaporeta inapata joto na unyevu wake unarudi hewani ukiwa umebeba harufu. Kwa mwenye pumu au mzio wa kuvu hili ni jambo la kifua chake, na watoto wanaopelekwa shule kila asubuhi katika gari la namna hiyo wanastahili kuhurumiwa.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kuzima kiyoyozi dakika 2 au 3 kabla ya kufika, ukaacha feni iendelee. Ni ushauri mzuri, lakini kwa pwani yetu hautoshi, na sababu iko kwenye hesabu ileile. Unapokata kompresa, evaporeta bado iko chini ya nyuzi 26, kwa hiyo hewa ya nje inayopita inaendelea kuiongezea maji badala ya kuyaondoa. Ikishapata joto, kukauka kunaanza, lakini hewa yenye unyevu wa asilimia 70 inaweza kunyonya takriban gramu 2 tu kwa kila mita ya ujazo. Dodoma wakati wa kiangazi hewa ingenyonya mara tatu ya hapo. Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja aanze mapema zaidi, walau dakika 10 kabla ya kufika: kitufe cha AC kizimwe, feni iwe kasi ya juu, hewa iwe ya kutoka nje.

Ipo njia yenye nguvu zaidi, nayo inafaa mara moja kwa wiki msimu wa joto. Watu husema washa hita ukaushe. Ni kweli nusu. Katika magari karibu yote hita iko baada ya evaporeta kwenye njia ya hewa. Ukivuta hewa ya nje na kuwasha hita, hewa inapita kwenye evaporeta ikiwa bado na joto la kawaida, inapashwa baadaye, na evaporeta haifaidi joto hilo. Lazima ubonyeze kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, ili hewa iliyopashwa irudi kupita kwenye evaporeta, na ufungue vioo kidogo ili unyevu upate pa kutokea. Hewa iliyopashwa hadi nyuzi 45 hivi hunyonya maji mara mbili au tatu zaidi. AC iwe imezimwa, injini iwe imepata moto, na dakika 10 au 15 zitatosha. Fanya hivyo mahali pa wazi, usimwache mtu wala mtoto ndani, na kamwe usifanye ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wa injini una kaboni monoksidi ambayo huua bila kutoa harufu.

Harufu ikishakuwa sugu, kukausha peke yake hakuiondoi. Utando lazima usafishwe. Kuna povu maalumu la kusafishia evaporeta, linalopulizwa kupitia nafasi ya filta au kupitia mpira wa maji, kisha huachwa liyeyuke na kutiririka nje pamoja na uchafu. Ndiyo maana mpira uzibuliwe kwanza; ukipuliza povu juu ya sinia iliyoziba umeongeza mafuriko. Usitumie jiki wala dawa yoyote ya klorini, kwani inakula alumini. Kuzibua nako kuna adabu yake. Wapo mafundi wanaosukuma spoku ya baiskeli kutoka chini mpaka igote. Kinachogota kinaweza kuwa evaporeta yenyewe, na ikitoboka gesi yote inatoka na dashibodi nzima inafunguliwa. Waya laini wa plastiki, ule wa mashine ya kukatia nyasi, unatosha. Upepo wa kompresa ya gereji uwe mdogo, maana ukizidi unauchomoa mpira kwa ndani, na kuanzia hapo maji yote yanaishia kwenye zulia.

Filta ya kabini hubadilishwa kila kilomita 15,000 au kila mwaka, na mapema zaidi kwa anayepita barabara za vumbi. Katika magari mengi kuitoa ni kufungua droo ya dashibodi tu, bila hata bisibisi. Mwenye gari la mtumba aifungue leo ajionee, kwa kuwa baadhi hutoka kiwandani yakiwa na nafasi tupu, na mengine yamebeba filta iliyotoka nayo Japani.

Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo nayachukia kwa sababu moja: yanamzuia dereva asisikie harufu ambayo ingemwonya. Wenzetu wa teksi za mtandaoni huyanunua kila mwezi, na abiria anapokea uvundo na waridi kwa pamoja. Kujaza gesi nako hakuhusiani na harufu hata kidogo. Gesi huzunguka ndani ya mirija iliyofungwa. Ikipungua, baridi inapungua, na hewa unayovuta hainuki kwa ajili hiyo. Fundi akikuambia gari linanuka kwa sababu gesi imekwisha, mwombe aweke mtungi chini, alaze kadibodi, aingie chini ya gari na kukuonyesha mdomo wa mpira wa maji. Asipojua uko wapi, tafuta mwingine.