Nani Anashika Mzani wa Gesi ya Ruvuma?

Namoto iko ukingo wa kusini wa Mto Ruvuma, karibu na pale mto unapoingia baharini. Ng'ambo ni Kilambo, Tanzania. Njia ya kwenda kusini inapita Kionga, kipande cha ardhi ambacho Wareno walikitwaa kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, kisha inafika Palma. Wazee wa huku wanakumbuka vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Vijana wanakumbuka mwaka 2010, ilipotangazwa kwamba chini ya bahari, mkabala na pwani hii, imo gesi nyingi mno. Tangu hapo yamesemwa mengi juu ya wingi wa gesi hiyo. Sisi tunataka kuzungumza juu ya hesabu zake.

Ndugu wafanyakazi, mama anayebangua korosho kiwandani hulipwa kwa kilo, na anajua kwamba mshahara wake umo mikononi mwa karani wa mzani. Mkata mkonge naye anajua kazi yake si kazi mpaka iandikwe kwenye kipande. Kwa hiyo hakuna haja ya msomi kutueleza kwa nini mtu anayepima, anayeandika na anayelipa asiwe yule yule mmoja. Katika gesi mambo ni hayo hayo, ila mzani uko katikati ya bahari.

Meli ya Coral Sul, inayoigandisha gesi kuwa maji huko huko baharini, iliundwa Korea ya Kusini, na shehena yake ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Inaweza kutoa tani milioni 3.4 kwa mwaka. Mita za kupimia zimo ndani ya meli hiyo, na mtu wa Palma haioni hata kwa mbali. Msimamizi ni kampuni ya Eni ya Italia pamoja na wenzake, na Msumbiji imo kupitia shirika lake la umma, ENH, lililoundwa mwaka 1981. Hisa za ENH katika eneo hilo, yaani Eneo la Nne, ni asilimia 10. Katika Eneo la Kwanza, ambako TotalEnergies ya Ufaransa inasimamia mradi wa Afungi, ENH ina asilimia 15.

Fedha hugawanywaje? Kwanza Serikali hutoza kodi ya uzalishaji, ambayo kwa gesi hii ni asilimia 2 tu katika miaka ya mwanzo. Halafu makampuni hujirudishia gharama walizotumia. Kinachobaki ndicho huitwa faida, nacho hugawanywa baina ya makampuni na Serikali. Sehemu ya Serikali huanza ndogo na kupanda kadiri gharama zinavyozidi kurudi. Maana yake ni kwamba kila dola inayoandikwa kwenye daftari la gharama inatangulia kutoka, na fungu la taifa linangoja nyuma.

Basi daftari hilo ndilo lenye mambo. Ndani yake mna mitambo, na mitambo haina ubishi sana, maana inaonekana kwa macho. Lakini mna pia mishahara ya wataalamu wa kigeni, ndege, hoteli, ushauri, bima, riba za mikopo, na fungu la gharama za makao makuu yaliyoko Ulaya au Marekani. Mkaguzi anapouliza saa ngapi mhandisi fulani wa Ulaya alifanya kazi kwa ajili ya Msumbiji na saa ngapi kwa ajili ya nchi nyingine, anajibiwa kwa karatasi iliyoandikwa na makao makuu yenyewe. Vitu vingine hununuliwa kutoka kampuni dada, muuzaji na mnunuzi wakiwa tumbo moja. Kumkagua mtu wa namna hiyo kunahitaji wahasibu na wahandisi waliobobea, wenye muda. Wakaguzi wa aina hiyo makampuni huwaajiri wenyewe, kwa mshahara ambao Serikali haiufikii.

Kizuizi cha pili ni chetu wenyewe. ENH ni mshirika katika biashara, na mwenye mali yake ni Serikali ile ile inayotakiwa kuwakagua washirika. Tena ENH haikuwa na fedha za kutoa sehemu yake, hivyo wenzake wakaitangulizia, wakitegemea kukata deni kwenye gesi itakayouzwa. Mwaka 2019 Serikali ikaidhinisha dhamana ya zaidi ya dola bilioni 2 ili ENH ipate mkopo wa mradi wa Afungi. Sasa mfikirie mdaiwa anayeingia ofisini kwa mdai kuomba stakabadhi. Wahenga walisema kesi ya nyani usimpelekee ngedere.

Usidhani mambo haya ni ya upande mmoja wa mto. Ng'ambo, Tanzania, mwezi Novemba 2014, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake akiwa Zitto Kabwe, iliamuru viongozi wawili wa Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, wakamatwe na polisi. Kosa lao lilikuwa kushindwa kuikabidhi Kamati mikataba 26 ya gesi na mafuta. Ilisemwa kwamba mikataba ina masharti ya siri. Shirika ni la umma, gesi ni ya umma, wabunge wamechaguliwa na umma, na bado karatasi hazikutoka kabatini mpaka polisi waitwe. Msumbiji imepiga hatua hapo, maana sheria ya petroli ya mwaka 2014 inataka mikataba mikuu itangazwe, na mikataba kadhaa imetangazwa. Lakini gesi yote ya Coral Sul iliuzwa kwa kampuni ya BP kwa mkataba wa miaka 20, na bei iliyomo humo haikutangazwa. Mwenye korosho huuliza bei kabla ya kufungua gunia.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote huitwa usalama wa taifa. Mwaka 2013 na 2014 makampuni matatu ya umma ya Msumbiji, Proindicus, Ematum na MAM, yalikopa dola bilioni 2 kwa dhamana ya Serikali bila ya Bunge kuarifiwa. Ilidaiwa kuwa fedha ni za kulinda bahari yenye gesi na kuvua jodari. Kampuni ya Kroll ilipopewa kazi ya kukagua, ilinyimwa taarifa nyingi kwa hoja kwamba ni siri za ulinzi. Muhtasari wake wa Juni 2017 ulisema kuwa matumizi ya dola milioni 500 hayakupata maelezo ya kutosha. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Manuel Chang, alikuja kutiwa hatiani na mahakama ya New York mwaka 2024. Nchi ilikuwa imekwisha kunyimwa misaada tangu 2016, na aliyelipa ni mfanyakazi, kwa bei ya mkate na kwa mshahara uliopungua thamani.

Na usalama wenyewe huku si jambo la kubuni. Vita vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, watu wakakimbia kwa miguu na kwa majahazi, na mwezi uliofuata Total ikasimamisha kazi Afungi kwa kutangaza dharura. Kazi ilisimama zaidi ya miaka minne. Oktoba 2025 kampuni hiyo ilimwandikia Rais Daniel Chapo kwamba iko tayari kurudi, na kwamba kusimama huko kumeongeza gharama za dola bilioni 4.5, ikaomba pia mkataba uongezwe miaka 10. Serikali ikajibu kuwa gharama hizo zikaguliwe kwanza.

Tunasema jibu hilo ni sahihi, na hapo ndipo mtihani ulipo. Dola bilioni 4.5 zikikubaliwa zote, zinaingia kwenye lile daftari na kutangulia mbele ya fungu la taifa. Mkaguzi atatakiwa kutenganisha riba, ulinzi, mitambo iliyokaa bure na wakandarasi waliolipwa kungoja, katika eneo lenye ulinzi wa askari, ambalo watu wa Quitupo walihamishwa na kupelekwa Quitunda. Wafanyakazi wa Palma waliopoteza kazi mwaka 2021 hawakuwa na daftari la kujirudishia hasara zao.

Ipo sheria ya Mfuko wa Taifa ya mwaka 2024, inayoweka akiba asilimia 40 ya mapato ya gesi kwa miaka 15 ya kwanza. Ni jambo jema, ingawa Mfuko hupokea kile tu kilichobaki baada ya hesabu.

Na mwananchi wa pwani hii je? Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inamrudishia asilimia 10 ya kodi ya uzalishaji: asilimia 7.25 kwa mkoa na wilaya, asilimia 2.75 kwa jamii za eneo la mradi. Chukua kalamu. Gesi ikiuzwa dola 100, kodi ni dola 2. Mkoa na wilaya wanapata senti 14 na nusu. Jamii inapata senti 5 na nusu. Hesabu hii haiguswi na daftari la gharama hata kidogo. Inategemea uzito uliosomwa kwenye mita za melini na bei iliyoandikwa katika mkataba wa mauzo, ule ambao bei yake haikutangazwa.