Muuaji Mwenye Adabu Zake

Katika hadithi fupi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1846, "The Cask of Amontillado", Montresor anamteremsha Fortunato kwenye mapango ya makaburi chini ya jumba la ukoo wake kwa kisingizio cha kumwonjesha mvinyo. Njiani Fortunato anabanwa na kikohozi, na mwenyeji wake anamsihi warudi, asije akaumwa. Anajibiwa kwamba kikohozi hakiui mtu. Montresor anakubali: kweli, hakitamuua. Ndani ya joho lake ameficha mwiko wa mwashi, na punde atamjengea mwenzake ukuta akiwa hai. Alikosewa nini? Anataja madhila elfu na tusi moja, lakini tusi lenyewe hatulisikii hata mwisho. Hapo ndipo Poe anapowaacha nyuma waandishi wengi wa leo. Wao wakishamchora saikopathi hukimbilia utotoni mwake: baba mlevi, mama wa kambo, paka aliyenyongwa uani. Riwaya ina nafasi ya wasifu huo. Hadithi fupi haina, na kwa mhusika wa aina hii ukosefu huo ni neema. Kinachotutisha ni adabu yake, na adabu huonekana kwa jambo dogo lililotazamwa kwa karibu.

Joyce Carol Oates alilijua hilo alipoandika "Where Are You Going, Where Have You Been?" mwaka 1966. Alichochewa na habari za Charles Schmid, kijana wa Tucson, Arizona, aliyeua wasichana watatu na ambaye alikuwa akishindilia makopo na matambara ndani ya buti zake ili aonekane mrefu. Katika hadithi, Arnold Friend anasimama mlangoni kwa msichana, maneno matamu, tabasamu tele, ila miguu inayumba ndani ya buti. Basi. Fundi wa ngano za Wagikuyu angemtambua mara moja, kwani irimu, zimwi la ngano hizo, naye huja kuposa akiwa kijana mtanashati, mdomo wake wa pili umefichwa na nywele kisogoni. Na wala hakuna anayeuliza irimu alilelewaje.

Wapo watakaosema kwamba mwovu asiye na chanzo ni kinyago tu, na kwamba hadithi za namna hii zinawapaka matope wagonjwa wa akili. La pili lina uzito. Hervey Cleckley, daktari wa akili wa Georgia, Marekani, aliyechapisha "The Mask of Sanity" mwaka 1941, alieleza saikopathi kuwa ni watu wasiosikia sauti wala kuona mazuka. Wengi wao walikuwa matapeli na walaghai, si wauaji. Kwa kipimo hicho, msimulizi wa Poe katika "The Tell-Tale Heart", anayesikia moyo wa maiti ukidunda sakafuni hadi akaungama, si saikopathi hata kidogo, ingawa orodha nyingi za masaikopathi humtaja. Anayemchanganya saikopathi na mgonjwa wa aina hiyo ndiye anayewaonea wagonjwa. Ama hoja ya chanzo, jibu limo kwa Flannery O'Connor, naye wa Georgia hiyohiyo, katika "A Good Man Is Hard to Find" ya mwaka 1953. The Misfit, mfungwa mtoro, anasimulia kwamba daktari wa gerezani alimwambia alichokifanya ni kumuua baba yake. Anakataa katakata: baba alikufa kwa homa ya mafua mwaka 1919, nendeni mkaone kaburi lake. Maelezo ya kitaalamu yameletwa, yakagonga mwamba, na mtu yule amebaki vilevile. Si kinyago. Anawaomba radhi akina mama wa familia aliyoiteka kwa kuwa kifua wazi, huku wenzake wakiwapeleka jamaa zao msituni mmoja baada ya mwingine. Anapommiminia bibi kizee wa familia hiyo risasi tatu kifuani, anaweka bunduki chini, anavua miwani, anaanza kuipangusa.