Kufufua Uchumi Baada ya UVIKO-19: Nani Hulipa Deni?

Katika mikutano mingi ya mashina na matawi, mpango wa kufufua uchumi baada ya UVIKO-19 hujadiliwa kwa kuhesabu madarasa. Hicho ni kipimo halali, lakini hakitoshi. Kada anapaswa kuuliza mambo matatu: uchumi wetu uliumizwa wapi, fedha za kuuponya zilitoka wapi, na deni hulipwa kwa jasho la nani. Sisi tulio Mkolani, Wilayani Nyamagana, tunaweza kulichambua suala hili kwa kuwatazama samaki wa Ziwa Victoria.

Uchumi uliumizwa wapi?

Tanzania haikufunga nchi. Shule na vyuo vilifungwa kwa muda kuanzia Machi 2020, na ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa tarehe 11 Aprili hadi 18 Mei. Mashamba, masoko na mialo viliendelea na kazi. Hata hivyo, ukuaji wa pato la Taifa ulishuka kutoka asilimia 7.0 mwaka 2019 hadi asilimia 4.8 mwaka 2020. Watalii walipungua kutoka 1,527,230 hadi 620,867.

Sababu yake ni kwamba shughuli zinazotuletea fedha za kigeni zinategemea masoko tusiyoyatawala. Minofu mibichi ya sangara hupelekwa Ulaya kwa ndege. Mabondo yake huuzwa China. Mapema mwaka 2020 China ilijifungia, kisha Ulaya ikafunga mahoteli na migahawa. Mvuvi wa Mwanza alikuwa na mtumbwi, nyavu na nguvu zake, na samaki walikuwamo ziwani. Aliyekosekana ni mnunuzi. Kiwanda kinapopunguza ununuzi, bei huanguka mwaloni, na fedha za petroli na barafu za safari inayofuata hazipatikani. Huo ndio uchumi tegemezi, unaoonekana kwa macho.

Fedha zilitoka wapi?

Tarehe 7 Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dharura wa dola za Marekani milioni 567.25. Tarehe 10 Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa kuzitumia, wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3. Vilipangwa vyumba vya madarasa 15,000: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Afya, maji, utalii na kaya maskini vilipewa mafungu pia.

Tuangalie masharti ya kulipa. Theluthi moja ya mkopo haina riba, na hulipwa ndani ya miaka 10. Theluthi mbili zilipaswa kulipwa ndani ya miaka 5, yaani kufikia mwaka 2026. Wazee wanakumbuka mvutano wetu na Shirika hilo kuanzia mwaka 1979, uliokwisha kwa makubaliano ya mwaka 1986. Mkopo wa mwaka 2021 haukuwa na programu ndefu ya masharti. Lakini Julai 2022 Serikali iliingia katika programu ya miezi 40, ya dola zaidi ya bilioni moja, ambayo fedha zake zilipangwa kutolewa kwa awamu baada ya kila tathmini.

Nani hulipa?

Hapa ndipo penye mgongano. Deni ni la dola, na darasa halizai dola. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2022 alimaliza kidato cha nne mwaka 2025, naye bado hajaanza kuzalisha, wakati sehemu kubwa ya deni imekwisha kufikia muda wa kulipwa. Hatusemi madarasa yasingejengwa. Elimu ni haki, na watoto hawawezi kusubiri. Tunasema kwamba katika kipindi hicho deni hulipwa na mvuvi, mkulima wa pamba, mchimba dhahabu na mfanyakazi wa utalii. Kama mpango haumwongezei mzalishaji huyo nguvu, unamwongezea mzigo.

Kwa hiyo kazi za kada ni hizi:

Kwanza, kuhimiza ushirika wa wavuvi wenye mitambo yake ya barafu na ghala la baridi, ili bei inapoanguka ghafla wasilazimike kuuza kwa hasara siku ileile.

Pili, kulijenga soko la ndani na la nchi jirani. Dagaa walioanikwa kwenye vichanja huwa safi kuliko walioanikwa mchangani, na walaji wake wako hapa nyumbani na Kongo.

Tatu, kupiga vita makokoro na nyavu haramu, kwa maana samaki mchanga anayevuliwa leo ni deni la kesho.

Nne, kudai hesabu za kila mradi zisomwe mbele ya wananchi.

Madarasa yamekwisha kuhesabiwa. Sasa tuhesabu uzalishaji.