Mbao za Bluu za Mafinga

Ubao wenyewe hauna ufa wala tundu. Una rangi tu: michirizi ya bluu iliyokolea pembeni, kule kulikokuwa karibu na gome, ikififia kadiri inavyokaribia kiini. Mzee mmoja mchana mbao wa Mafinga, wilayani Mufindi, aliulaza juu ya rundo la mbao nyeupe ili tofauti ijisemee.

Ni ubao wa mti uliopitiwa na moto, ingawa moto haukuufikia ndani. Ulibabua gome, ukakausha majani, ukaenda zake. Paina ikabaki imesimama, na laiti ingechanwa siku hiyo, mbao zingetoka nyeupe. Lakini paina ikishakufa, ukungu huingia kupitia nyufa za gome na vitundu vya wadudu wanaovamia miti ya namna hiyo. Hujilisha akiba ya chakula iliyobaki kwenye mti, na rangi yake hutambaa kuelekea ndani. Kukiwa na joto, wiki chache zinatosha.

Kinachomkera mzee huyu ni kwamba nguvu ya ubao haijapungua kiasi cha kutajika. Unashika msumari, unabeba bati. Ukishapandishwa kwenye kenchi, juu ya dari, nani atauona? Mnunuzi hataki kusikia hayo. Akiona bluu tu, bei inashuka.

Ndiyo maana moto ukizimika, mbio huanza. Kila aliyeunguliwa anaitaka dingdong, ile mashine ya kuchania inayohamishiwa shambani, tena wiki hiyohiyo. Mashine ni zilezile, magogo ndiyo yamezidi. Mzee hafichi kwamba siku hizo anayepanga bei ni yeye. Hata hivyo hazifurahii: masizi na mchanga hula meno ya msumeno, na yeye pia ana ekari zake za paina ng'ambo ya bonde.

Mwenye miti ya miaka minne hana hata cha kukimbilia, maana haichaniki. Mlingoti ukiungua huchipua kisikini, paina haichipui. Huyo anarudi kwenye mche.

Mwaka 2021 jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilieleza kuwa hali ya hewa inayochochea moto imeongezeka katika baadhi ya maeneo ya dunia. Mzee hana takwimu. Anachojua ni kwamba nyasi zinawahi kukauka kuliko alivyozoea, na mvua za Novemba hazitabiriki tena. Kiberiti, anasisitiza, bado kiko mkononi mwa mtu: anayeandaa shamba, anayerina asali, anayewinda panya, au mwenye kisasi chake.

Shamba la serikali la Sao Hill lina walinzi na vifaa. Mkulima mdogo ana panga, matawi mabichi na majirani, kama wapo. Viwanja vingi jirani na vya mzee ni vya watu wa mjini walionunua ardhi, wakapanda, wakaondoka. Yeye hulima barabara ya moto kila kiangazi. Upande wa pili nyasi zinafika kiunoni.

Bima hana, na hajui jirani aliye nayo. Kinga yake ni kuwahi. Anafahamu fika kwamba paina ikiachwa hadi miaka kumi na minane au zaidi hutoa mbao pana, zilizonyooka. Ya kwake anapanga kuikata ikiwa na miaka kumi hivi, ingawa mbao za mti mchanga hupinda na bei yake ni ndogo. Nilipohesabu kile anachokiacha, niliona moto umeshakula faida ya shamba ambalo haujawahi kulifikia. Hasara hiyo haimo kwenye ripoti yoyote ya ekari zilizoungua.

Msimu huu anafikiria kufyeka na upande wa jirani asiyeonekana. Vibarua watalipwa kwa fedha yake. Sijui amdai nani: mwenye shamba, kijiji chenye sheria ndogo zisizosimamiwa, au mnunuzi anayetaka mbao nyeupe na pana kwa bei ileile?